Mstari Uliochelewa Kufuturu

Haya kanihadithia Shamima, mjukuu wa dada yangu, siku ya Idi pili, tumekaa ukumbini tunachagua mchele wa pilau. Yeye ndiye anayekaa mapokezi katika ile ofisi ya mtandao, Tibirinzi, Chake, Pemba, na siku yenyewe alikuwepo, kafunga, midomo imemkauka, macho kayatoa.

Wiki iliyopita tulimwacha Ridha, mkuu wa mainjinia, kasimama mbele ya skrini kubwa ya ukutani. Kasema mwizi wa siri za watu keshajulikana, na jina lake analitoa sasa hivi. Akabonyeza.

Jina likatoka, la injinia aliye chini yake, mzaliwa wa Kojani, kisiwa cha wavuvi. Nusaiba.

"Soma!" Ridha akamwambia. "Soma kwa sauti, Bi Nusaiba, wenzio wasikie."

Nusaiba hakusoma. Aliliangalia jina lake kama mtu aliyekutana na nguo yake njiani, kavaa mwengine.

Mwenye kampuni, Bwana Soud, alikuwa kakaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo baina ya magoti. Mtu mpole yule, lakini siku hiyo upole ulikuwa umekwisha. Konde kulikuwa na mke wa mtu kasikia majibu ya vipimo vyake sokoni, kwenye mafungu ya muhogo, kabla daktari hajampigia simu. Mumewe alikuja ofisini na panga. Siri za kituo cha afya zilikuwa zinavuja, na zilikuwa zinapita kwenye minara ya Bwana Soud.

"Funguo," Bwana Soud akasema.

Nusaiba akaziweka mezani.

"Na kompyuta. Na simu."

Akaviweka vyote. Mikono yake ikabaki mitupu mapajani.

"Nilikwambia siku ile ile uliyomwajiri, Bwana Soud," Ridha akasema. "Mkojani kazi yake nyavu. Ukimpa mtandao, atautega baharini."

"Nyavu nazijua," Nusaiba akamjibu. "Ndiyo maana namjua mvuvi, na namjua anayejipaka shombo aonekane mvuvi."

Shamima akaangua kicheko. Ridha akamgeukia.

"Weye unacheka nini? Kapokee simu!"

"Simu haijalia, Bwana Ridha."

"Basi kaingojee ilie."

Bwana Soud akagonga fimbo sakafuni. "Nusaiba, mwanangu. Jua likizama hujanionyesha kitu, nakupeleka polisi kwa mkono wangu. Na hii kazi huipati tena, si kwangu wala kwa mtu yeyote Pemba hii. Sema."

"Sitasema. Nitaonyesha. Na sitagusa kitu, msije mkanambia nimefuta. Aandike Ridha."

"Mie sipokei amri ya mwizi!"

"Andika, Ridha," Bwana Soud akasema.

Ridha akakaa kwenye kibodi kama mtu aliyekalishwa juu ya siafu.

"Ulizia njia," Nusaiba akasema. "Kutoka kituo cha afya Konde mpaka hapa kwetu."

Ridha akaandika. Mistari ikashuka kwenye skrini, mmoja mmoja. Konde na Chake ni mwendo wa gari moja, hata Bwana Soud asiyejua kompyuta analijua hilo. Lakini maneno ya wagonjwa yalikuwa yanatoka Konde, yanavuka bahari kwenda Dar es Salaam, yanafika Ulaya, yanakaa huko kidogo, kisha ndiyo yanarudi Chake.

"Mbali kote huko," Shamima akasema, "na hayakuhiji?"

Ridha akamkata jicho.

Nami nilimuuliza Shamima, mwanangu, jambo hilo linawezekanaje? Kanambia ndani ya ofisi mna kidude wanakiita ruta, kazi yake kama mtu aliyekaa njia panda kuelekeza wapitao. Ukiitafuta nyumba, mmoja atakwambia iko upande wa Wete. Mwengine atakwambia naijua mpaka mlango wake, una rangi ya buluu, nifuate. Ruta humfuata huyo wa pili siku zote, kwa kuwa kasema kwa undani. Haiulizi kama ni muongo.

Basi kuna mtu kaingia, kaidanganya ruta ya Chake kuwa yeye ndiye anayeujua mlango. Siri zote zikamfuata.

"Na aliyeidanganya kaingia kwa jina lako," Ridha akasema, "na kwa paswedi yako. Au paswedi nayo imechukuliwa na mawimbi?"

"Jina ni langu," Nusaiba akasema. "Mkono si wangu. Fungua ile michoro ya mzigo."

Michoro ikafunguka. Hiyo ndiyo wanayoiangalia kutwa, kila mnara na mstari wake wa rangi. Watu wakiingia mtandaoni kwa wingi mstari unapanda, wakitoka unashuka. Wa Konde kijani, wa Wete manjano, wa Chake buluu, wa Kojani zambarau.

"Sasa tenga huyo aliyeingia kwa jina langu. Mpe rangi nyekundu."

Mstari mwekundu ukajitokeza chini ya mingine. Ulikuwa unatetemeka. Mwembamba, lakini hai.

Bwana Soud akasogeza kiti. "Huyu yupo?"

"Yumo ndani sasa hivi, Bwana Soud. Anasoma mambo ya watu tukimwangalia. Na mie huyu hapa mbele yako, mikono mitupu."

Shamima akadhani mambo yamekwisha. Lakini Ridha akaegemea nyuma, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Programu," akasema.

"Nini?"

"Programu. Umeitega, inafanya kazi peke yake, na weye umekaa hapa unatuonyesha viganja kama bi harusi aliyetiwa hina. Bwana Soud, hilo hata mwanafunzi anaweza."

"Inatokea wapi?" Bwana Soud akauliza.

"Anuani inasema Ulaya. Ya kukodi hiyo. Anaweza kuwa Ulaya kweli, anaweza kuwa chooni kwangu," Ridha akajibu.

"Huko chooni ungemnusa," Nusaiba akasema.

"Nyamaza!" Fimbo ikagonga sakafu tena. "Mimi nimefunga, nina kiu, na nina mtu wa panga Konde. Ridha, mfungie mlango huyo mwekundu."

"Usimfungie!" Nusaiba akainuka. "Ukimfungia anakwenda zake, na hatutamjua milele. Bwana Soud, nipe mpaka adhana. Toka Ramadhani iingie nimekuwa nikiitazama michoro hii. Magharibi ikiadhiniwa, Pemba nzima inaweka simu chini. Kijani, manjano, buluu, zambarau, yote inaanguka pamoja kama mtu kazima taa. Watu wanashika tende. Sasa, programu haifungi. Programu haili tende. Kama huyu mwekundu ni programu yangu, adhana italia na yeye ataendelea tu. Nipelekeni polisi, sitasema neno. Lakini akianguka naye, basi ni mtu, ana tumbo, kafunga, na si mie."

"Na kama ni mtu wa Ulaya asiyefunga?" Ridha akauliza.

"Hataanguka. Na mie nitakwenda polisi hivyo hivyo."

Ridha akacheka. "Umejikaanga kwa mafuta yako. Nimekubali. Lakini aape kwanza, Bwana Soud. Watu hawa ukiwaacha na ulimi mtupu wanakuteleza."

Msahafu ulikuwa juu ya kabati, umefungwa kitambaa cheupe. Bwana Soud akauliza kama Nusaiba ana udhu. Anao. Akauteremsha mwenyewe kwa mikono miwili.

Nusaiba akaweka mkono. Akaapa kuwa hakuuza siri ya mtu wala hakuifungua.

"Ongeza," Ridha akasema. "Kwamba ukimjua mwizi, utamtaja."

"Nikimjua nitamtaja. Hata awe wa damu yangu. Hata awe wa ndani ya nyumba yangu."

Maneno yale aliyatoa kwa hasira, kama mtu anayetupa jiwe bila kutazama linaangukia wapi.

Wakakaa kungoja. Simu ya Nusaiba, pale mezani mbele ya Ridha, ikatikisika. Ujumbe wa sauti.

"Nani huyo?"

"Mume wangu."

"Tusikie sote. Leo hamna siri." Nusaiba akaifungua simu kwa kidole gumba, Ridha akaubonyeza.

Sauti ya Talib ikajaa chumbani, nzito na tamu, redio inakwaruza nyuma yake. "Mke wangu, tambi tayari. Uji nimeutia pilipili manga unavyoupenda. Wasikukondeshe hao, njoo nyumbani."

"Mashaallah!" Ridha akapiga makofi. "Mume anakoroga uji, mke anakoroga mtandao. Nyumba ya neema hiyo!"

Nusaiba akaumeza mzaha huo. Shamima anasema alimuona akitabasamu kidogo, si kwa Ridha, kwa ile sauti. Talib, fundi simu, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyemfuata mpaka Pemba na mashemeji wakamcheka. Nusaiba aliwaza kuwa hata akikosa kazi, kuna mtu mmoja anayemwamini.

Shamima akaleta tende kwenye sahani na maji. Dirishani mwanga ulikuwa unageuka rangi ya chai. Kijani kinatetemeka, manjano inatetemeka, chekundu kinatetemeka.

Msikiti wa Tibirinzi ukaadhini.

"Bismillahi," Bwana Soud akasema, akatia tende mdomoni bila kuondoa macho ukutani.

Konde ikaanguka. Wete ikaanguka. Chake na Kojani zikafuata, moja juu ya nyengine, mpaka mistari yote minne ikalala chini kama mikeka.

Mwekundu ukabaki juu.

"Haya!" Ridha akaruka, maji yakamwagika. "Hafungi huyo! Anakula mchana na usiku! Shamima, piga simu polisi."

Shamima hakwenda.

"Piga, nnakwambia!"

"Ngojeni," Nusaiba akasema.

"Tungoje nini? Idi?" Ridha akaishika simu ya mezani mwenyewe, akaanza kubonyeza namba. Bwana Soud alikuwa keshainamisha kichwa, mbegu ya tende bado iko shavuni. "Nusaiba, mwanangu," akasema taratibu, "umenivunja."

Hapo ndipo Shamima alipopiga ukelele. "Tazameni!"

Mstari mwekundu ulikuwa unashuka. Haukukatika. Ulishuka kama wa watu wengine wote, kama mtu aliyeweka kitu chini akanyoosha mkono kwenye sahani. Ukalala.

Bwana Soud akatema mbegu kiganjani. "Kafuturu," akasema.

Ridha akabaki na mkono wa simu hewani. Huko ndani mtu anasema haloo, haloo, hapa polisi. Akaikata simu.

"Ni mtu," Nusaiba akasema. "Ana tumbo. Kafunga."

"Lakini kachelewa," Ridha akasema. Sasa hakuwa anamwambia yeye, alikuwa anaongea na ukuta. Uadui wote hauzuii akili kufanya kazi. "Kwa nini kachelewa? Watu wote tende iko kooni, yeye ndiyo kwanza..." Akapiga paji la uso. "Unguja! Adhana ya Unguja iko nyuma ya yetu, jua letu linatangulia kuzama. Huyu kangoja adhana ya Unguja! Bwana Soud, mwizi wetu hayuko Ulaya. Anaweza kuficha anakotoka, hawezi kuficha anapokula. Mwizi yuko Unguja!"

"Alhamdulillahi," Bwana Soud akasema, na uso wake ukarudi kuwa uso wa mtu. "Si mwenzetu, basi. Nusaiba, mwanangu, nisamehe. Chukua tende."

Nusaiba akachukua. Akaitia mdomoni. Shamima anasema alimuona akiitafuna, akiitafuna, haimezeki.

Kwa sababu katika Tibirinzi nzima Nusaiba alimjua mtu mmoja asiyefuturu kwa adhana ya Tibirinzi. Tangu aoe, mtu huyo hukaa kila Ramadhani na tende yake mkononi, jirani wanakula, watoto wa jirani wanamcheka, na yeye kaitega redio anangoja. "Adhana yangu haijalia," husema. "Mie na mjini kwetu." Nusaiba amemgombeza kwa jambo hilo mpaka amechoka, akamwambia huko ni kufunga kwa ukaidi, jua limezama juu ya kichwa chako wewe unangoja la wengine. Mashemeji Kojani wameligeuza mzaha. Wanamwita Muunguja wa Redio.

Na paswedi? Aliitoa mara moja tu, kwa Talib, siku alipokuwa na homa ya kutetemeka, ampelekee Ridha kazi ya watu isichelewe. Aliitaja neno kwa neno, na Talib akaibonyeza kwa kidole kimoja kimoja kama mtu asiyejua.

"Mbona umekuwa kama umeona jini?" Ridha akamuuliza.

"Njaa."

"Sikuombi radhi. Mkono nimekosea, jina sijakosea. Paswedi yako ilitoka kinywani mwako, si kwangu. Kesho asubuhi nataka unambie uliwahi kumpa nani." Akautupia jicho Msahafu, pale ulipo mezani. "Umeapa."

"Nimeapa."

"Mwachieni huyo mwekundu mpaka asubuhi," Bwana Soud akasema, "asijue kuwa tumemwona. Ridha, utamlinda weye." Akamrudishia Nusaiba simu yake.

Nusaiba akenda nyumbani. Si mbali, ni kupita maduka mawili na kisima. Kanga ilimteleza begani mara kadhaa na hakuiona.

Talib alikuwa ukumbini, mkeka umetandikwa, sinia la tambi limefunikwa kawa, redio iko ubavuni pake kama mtoto. Kwenye kisosi palikuwa na mbegu mbili za tende.

"Umechelewa, mke wangu. Wamekufanyaje?"

"Wameniita mwizi."

"Nani? Ridha? Nitamvunja taya!" Akainuka nusu, kisha akakaa. "Kisha?"

"Kisha wakaona si mie. Wanasema mwizi yuko Unguja."

Talib akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. "Waunguja tumezidi. Wamejuaje?"

Nusaiba alikuwa anamimina uji. Alimwangalia, na kwa mara ya kwanza akayaona macho yake yakiuliza kuliko mdomo.

"Mambo ya kompyuta," akasema. "Mie sikuyafahamu vizuri. Weye umefuturu zamani?"

"Nimefuturu kwa adhana yangu, kama kawaida. Kwani leo ndiyo unanijua?"

"Leo ndiyo nakujua," Nusaiba akasema, na akampa bakuli la uji.

Waliosali tarawehe wakarudi. Talib akasema mgongo unamuuma, atapumzika mapema aamke daku. Akaingia chumbani na simu yake. Nusaiba akabaki jikoni anasugua sufuria lililokwisha takata. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, mwanga wa simu unampiga Talib usoni.

Simu ya Nusaiba ikalia. Ridha, bila salamu.

"Karudi. Tangu watu wamalize kufuturu karudi, anasoma. Sijui anatafuta nini, kaingia mpaka kwenye barua za Bwana Soud. Ngoja." Vidole vyake vikagonga kibodi. "Ngoja... kashuka. Kazima sasa hivi."

Chumbani, mwanga ulikuwa umezimika. Talib aliutia mkono chini ya mto, akautoa mtupu, akageukia ukutani.

"Umesikia?" Ridha akasema. "Bi Nusaiba! Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaingia kulala. Alijinyoosha ubavuni pake bila kumgusa, simu mkononi, akasikiliza pumzi zake zinavyokuwa nzito. Angeuinua ule mto? Angemwamsha, amuulize, mke wa mtu wa Konde kakukosea nini? Au anyamaze, avunje kiapo chake mwenyewe? Alisema moyoni atangoja Talib ashikwe na usingizi kabisa. Lakini alikuwa kafunga, na kutwa nzima katuhumiwa. Macho hayaulizi. Yakafumba.

Haya yote ya nyumbani Shamima hakuyaona. Yalikuja kujulikana baadaye, na kwa njia mbaya.

Pumzi za Talib zilikuwa za kuigiza. Aliposikia za Nusaiba zimekuwa za kweli, akageuka taratibu. Akamshika mkono wake wa kulia, ule ule aliouweka juu ya Msahafu, akakichukua kidole gumba na kukilaza juu ya kioo cha simu. Simu ikafunguka.

Palikuwa na ujumbe mmoja mpya, wa Ridha. "Usingoje kuulizwa mara ya pili. Ile redio nyuma ya sauti ya leo nimeikumbuka. Asubuhi nataka jina la mtu anayefuturu kwa redio."

Talib akausoma. Akaufuta. Kisha akaandika mwengine kwa jina la mkewe, akaupeleka kwa Ridha kumsingizia mwenye kampuni, asijue kuwa alifuturu mbele ya macho yake, maneno matatu tu: "Jina ni Soud."

Akairudisha simu kiganjani mwa Nusaiba, akamkunjia vidole kimoja kimoja, akamfunika shuka mpaka begani asije akashikwa na baridi. Ndipo na yeye akalala, usingizi mzito, wa kweli.